Makala 9, nukuu 39: kisa cha mwanaaljebra mmoja wa Kigoma

Mhadhiri anapoomba kupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi, faili lake huwekwa mezani likiwa na karatasi ya mbele yenye namba tatu: makala alizochapisha, mara alizonukuliwa na watafiti wengine, na kipimo kinachoitwa h. Kisa ninachokichambua ni cha mtafiti wa aljebra na jiometri katika chuo kimoja mkoani Kigoma. Chuo sitakitaja, na yeye nitamwita Mhadhiri tu. Karatasi yake ilisema makala 5, nukuu 11, h ni 2. Kamati ya upandishaji vyeo ilizipitia namba hizo haraka, ikamwambia asubiri awamu nyingine.

Alikata rufaa. Mwenyekiti wa kamati akaniomba nilisome faili upya niandike taarifa, kwa kuwa mimi ni mtu wa hisabati, si mwajiriwa wa chuo hicho, na sijawahi kuandika makala na Mhadhiri. Ninayoyaeleza hapa nayaeleza kwa ridhaa yake. Mafaili ya namna hii yapo katika kila chuo nchini, na wengi wanaoyaamulia hawajawahi kuonyeshwa namba zile zinatoka wapi.

Nianze na hesabu yenyewe, maana ilikuwa na upungufu hata kabla ya kujadili maana yake. Majina yetu ni matatu: la mtu, la baba na la babu. Mhadhiri alichapisha makala zake za mwanzo kwa jina lake na la baba. Alipopata pasipoti na kwenda kusoma nje akaanza kutumia jina lake na la babu, kwa sababu ndilo lililokuwa limeandikwa kama jina la ukoo. Hifadhidata ya kibiashara ambayo chuo kiliitumia hupanga waandishi kwa mashine, na mashine ile ikamgawa kuwa watu wawili. Aliyeandaa karatasi ya mbele aliandika jina moja, akapata nusu ya mtu. Hakuwa na nia mbaya, alijaza fomu kama alivyoelekezwa. Lakini makala 4 zilikuwa zimeachwa nje.

Nilizitafuta kwenye zbMATH Open. Hii ni hifadhidata ya hisabati iliyoanzia Ujerumani mwaka 1931 ikiwa jarida la muhtasari, na tangu mwaka 2021 inafunguliwa bure na mtu yeyote, hata kwa simu. Kwa mtu aliyeko Kigoma hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ile nyingine kongwe, MathSciNet ya Chama cha Hisabati cha Marekani, ni ya kulipia. Katika zbMATH nilikuta makala 8 za Mhadhiri. Ya tisa haikuwemo, na sababu yake nitaieleza, kwa kuwa inamhusu yeye na si mashine. Google Scholar ilizionyesha zote 9, zikiwa zimenukuliwa mara 39 kwa mpangilio huu: 14, 9, 6, 4, 3, 2, 1, na mbili ambazo hazijanukuliwa kabisa.

Hapo ndipo kipimo cha h kinapopatikana. Kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unazipanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unashuka huku ukihesabu, na unasimama pale ambapo nukuu zinakuwa chache kuliko namba ya mstari uliofikia. Kwa Mhadhiri, makala ya nne ina nukuu 4, kwa hiyo anapita. Ya tano ina 3, anaishia hapo. H yake ni 4. Karatasi ya mbele ilisema 2. Kama kamati ingekuwa inataka namba tu, basi hata namba haikuwa nayo.

Hata hivyo nilimwandikia mwenyekiti kwamba kurekebisha 2 kuwa 4 hakutoshi, kwa sababu tatizo kubwa lilikuwa kwenye ulinganisho. Katika awamu ileile chuo kilikuwa kimempandisha mtafiti wa samaki na mazingira ya ziwa, mwenye h ya 17 na nukuu zaidi ya elfu moja. Majadiliano ya kwanza yaliwaweka bega kwa bega. Mjumbe mmoja aliuliza: mwenzake amenukuliwa mara elfu, huyu amenukuliwa mara kumi na moja, tunampandisha kwa lipi?

Swali hilo ni la haki kwa mtu ambaye hajaoneshwa namna kila fani inavyonukuu. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470, na spishi zake nyingi za samaki hazipatikani kwingine kokote. Watafiti kutoka nchi nyingi wanalifuatilia, wengi wao wakipitia hapa Kigoma. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha makala iliyoonyesha kwamba kupanda kwa joto kumepunguza uzalishaji wa ziwa hili, na tangu hapo mtu anayeandika kuhusu maziwa na mabadiliko ya tabianchi, awe Uswisi au China, ana sababu ya kuitaja. Fani ya namna hiyo ina watafiti wengi, makala zake zina waandishi wengi, orodha za marejeleo ni ndefu, na matokeo ya mwaka huu yanahitajika mwaka huu. Aljebra haina umati huo. Wanaoifahamu vizuri mada ya Mhadhiri duniani kote pengine wangeenea kwenye ukumbi mmoja, na makala moja ya aljebra inaweza kuwa na marejeleo kumi na tano tu mwishoni. Pale mwaloni Kibirizi dagaa hupimwa kwa ndoo na kuhe, samaki mkubwa wa ziwa hili, huuzwa mmoja mmoja, na hakuna mchuuzi anayesema mwenye kuhe wawili kavua kidogo kwa sababu hawajajaza ndoo.

Kuna na suala la muda. Fomu ya chuo iliuliza pia kipimo cha jarida, kile kinachotokana na kazi ya Eugene Garfield: unachukua nukuu za mwaka mmoja zinazorejelea makala za jarida hilo za miaka miwili iliyotangulia, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Miaka miwili inaweza kutosha kwenye tiba. Kwenye hisabati haitoshi. Mwaka 2008 Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, pamoja na jumuiya mbili za hisabati tumizi na takwimu, ulitoa ripoti kuhusu takwimu za nukuu. Ripoti hiyo inaonyesha kwamba takribani asilimia 90 ya nukuu katika hisabati huangukia nje ya dirisha hilo la miaka miwili. Yaani kipimo kinatupa sehemu kubwa ya kile kinachodai kupima. Makala ya hisabati huweza kukaa kwa wasomaji wa jarida, yaani wataalamu wanaoikagua kabla haijachapishwa, mwaka mzima na zaidi kabla ya kukubaliwa, kwa sababu msomaji anatakiwa kuufuata uthibitisho mstari kwa mstari. Anayeitumia naye huchukua muda uleule kuielewa, kisha na makala yake nayo hukaa foleni.

Jambo jingine katika fomu lilinisikitisha zaidi, kwa kuwa lilikuwa limemuumiza bila mtu yeyote kuliona. Fomu ilitoa pointi kamili kwa mwandishi wa kwanza, nusu kwa wa pili, robo kwa wa tatu. Katika sayansi za maabara mpangilio huo una maana: wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa. Katika hisabati waandishi hupangwa kwa alfabeti, na huo ni utaratibu wa fani nzima ambao Chama cha Hisabati cha Marekani kiliueleza rasmi kwa maandishi mwaka 2004. Jina la ukoo la Mhadhiri linaanza na N, kama majina mengi ya Waha. Wenzake aliowapata wakati wa masomo ya udaktari, aliyoyafanya kwa mpango wa sandwichi kati ya Dar es Salaam na Sweden, majina yao yanaanza na herufi za mwanzo. Kwa hiyo kwenye makala yake bora kabisa, yeye ni wa tatu, na fomu ilimpa robo. Niliwaandikia wenzake wale wawili kuuliza nani alifanya nini. Wote walijibu kwamba uthibitisho wa thioremu kuu ni wake.

Sasa nifike kwenye makala zenyewe, maana hapa ndipo faili lilipoanza kunifundisha kitu. Nitaeleza kwa mfano mdogo ambao yeyote aliyepita kidato cha pili anaweza kuufuata kwa kalamu na karatasi.

Chukua namba 0 hadi 5, ukijumlisha na kuzidisha kama kawaida, lakini kila jibu linalofika 6 au kuzidi ulipunguzie 6 mpaka lirudi ndani. Wanahisabati huita mfumo wa namna hii ringi. Humo ndani 2 mara 3 ni 6, yaani 0. Namba mbili ambazo hakuna iliyo sifuri zimezidishwa zikatoa sifuri. Vilevile 3 mara 4 ni 12, yaani 0. Lakini 2 mara 4 ni 8, yaani 2. Chora nukta tatu, 2, 3 na 4, kisha unganisha kwa mstari kila zile zinazozidishwa zikatoa sifuri. Unapata 2 imeungana na 3, na 3 imeungana na 4. Hiyo ndiyo grafu ya vigawanyo vya sifuri ya ringi hiyo. Wazo hili lilianzia kwenye makala ya Beck ya mwaka 1988. Mwaka 1999 Anderson na Livingston wakalipa sura inayotumika zaidi leo, wakathibitisha kwamba katika ringi yoyote ya kukomutisha, yaani ambayo a mara b ni sawa na b mara a, grafu hiyo huwa imeungana yote, na kutoka nukta moja hadi nyingine hupiti zaidi ya mistari mitatu.

Ni thioremu nzuri sana, na ilifungua mlango ambao watu wengi wameingia. Kuna ringi za kila aina, na kwa kila aina unaweza kuuliza maswali yaleyale: grafu ina upana gani, inahitaji rangi ngapi, ina pembetatu ngapi. Makala iliyonukuliwa mara 14 ya Mhadhiri ni ya kundi hili. Alichukua aina moja ya ringi zenye idadi maalumu ya elementi, yaani memba wake, akachora, akahesabu, akathibitisha. Kazi ni sahihi na imeandikwa vizuri. Lakini baada ya kuisoma, niliona kwamba mtu mwenye uzoefu angebashiri majibu yake mengi kabla ya kufika ukurasa wa tatu.

Makala ya pili inayonihusu imenukuliwa mara 3 tu. Rudi kwenye grafu ileile ya nukta tatu. Badala ya namba, zipe nukta herufi a, b na c, na kila mstari ugeuze kuwa mlinganyo: a mara b ni sifuri, b mara c ni sifuri. Sasa uliza swali la jiometri: katika nafasi yenye vipimo vitatu, ni sehemu gani zinazotimiza milinganyo yote miwili? Kama b ni sifuri, yote imetimia, a na c ziwe zozote; hilo ni bapa zima. Kama b si sifuri, lazima a na c ziwe sifuri. Huo ni mstari mmoja uliosimama wima. Grafu ya nukta tatu imetoa umbo: bapa lililopenywa na mstari mmoja kwenye kitovu. Na milinganyo yenyewe ina uhusiano ndani yake, kwa sababu ukizidisha ab kwa c na ukizidisha bc kwa a unapata kitu kilekile. Mahusiano ya namna hii huweza kuwa na mahusiano yao, na hayo yakawa na yao. Mwaka 1890 David Hilbert alithibitisha kwamba mnyororo huo una mwisho: kama herufi ni n, hatua hazihitaji kuzidi n.

Kwa nukta tatu unamaliza kwa mkono. Kwa nukta mia moja kompyuta inaweza kukwama. Alichofanya Mhadhiri na wenzake ni kuchukua familia nzima ya grafu na kuonyesha kwamba unaweza kusoma kikomo cha mnyororo huo kwa kuitazama grafu yenyewe, bila kukokotoa mnyororo. Kurasa 31. Nilizisoma kwa wiki kadhaa, na kuna hatua moja katikati, ambapo anaigawa grafu vipande viwili kwa namna ambayo mwanzoni inaonekana haina faida, kisha kurasa sita mbele mgawanyo ule unabeba uthibitisho wote. Sikuwa nimewahi kuiona mbinu hiyo ikitumika pale. Niliisoma hatua ile mara nyingi kwa furaha tupu, na kwenye taarifa yangu niliiandika hivyohivyo.

Basi tuna faili ambalo makala yenye nukuu 14 ni ya kawaida na makala yenye nukuu 3 ni ya juu sana. Ukizipanga kwa namba unapata mpangilio uliopinduka. Hili ndilo lililonishughulisha kuliko ulinganisho na mtafiti wa samaki, kwa sababu hapa hatulinganishi fani mbili. Ni mtu yuleyule, kwenye fani ileile.

Ili nisitegemee ladha yangu peke yangu, nilifungua kila makala iliyozinukuu hizo mbili nikatazama jina la Mhadhiri linatokea wapi. Katika zile nukuu 14, tano ni zake mwenyewe au za mwandishi mwenzake wakiendeleza mfululizo. Saba ziko kwenye aya ya utangulizi, ndani ya mabano yenye namba nyingi mfululizo, mahali ambapo mwandishi anasema tu kwamba wengi wameshughulikia grafu hizi. Ungeiondoa nukuu ile, makala ile isingepungukiwa chochote. Mbili zinatumia matokeo yake kweli. Katika zile 3, moja ni yake. Moja ni tasnifu ya udaktari ya nje ya nchi iliyotenga sehemu nzima kuueleza ule mgawanyo wa grafu. Ya tatu ni makala ya wanajiometri wawili ambao hawajawahi kukutana naye, na thioremu yake imesimama katikati ya uthibitisho wao. Wameitaja kwa namba yake, na bila hiyo hoja yao haivuki. Nukuu hiyo moja ina uzito kuliko zile saba za utangulizi zikijumlishwa, na hakuna kipimo kati ya vile vitatu vya karatasi ya mbele kinachoweza kuitofautisha.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao kamati haikuwa imeuona kabisa. zbMATH, pamoja na kuorodhesha, kwa makala nyingi huweka maoni mafupi yaliyoandikwa na mwanahisabati mwingine aliyeisoma. Makala ya kurasa 31 ilikuwa na maoni hayo, yenye aya mbili, yakieleza nini ni kipya na kwa nini mbinu za awali zilishindwa. Nilitafsiri aya zile kwa Kiswahili nikaziambatisha.

Sasa ile makala ya tisa. Ilichapishwa kwenye jarida la kulipia ambalo hukubali makala ndani ya siku chache. Nilipoisoma nilikuta uthibitisho mmoja una pengo: anadhani kila ideali katika ringi yake, yaani kundi la elementi ambalo ukilizidisha kwa chochote cha ringi hutoki humo, ina jenereta moja, yaani elementi moja inayozizalisha zote kwa kuzidisha, na hilo kwa ringi alizozichagua si kweli daima. Msomaji makini wa jarida angelikamata hilo. Nilimwuliza Mhadhiri moja kwa moja. Hakujitetea. Alisema fomu inahesabu makala, mwisho wa awamu ulikuwa umekaribia, na jarida lile lilijibu haraka. Nilipendekeza iondolewe kwenye hesabu, naye akakubali kwa maandishi. Nilitaka kamati ione kwamba kusoma makala hakuna upendeleo: kulipandisha moja, kukaishusha nyingine.

Lakini maneno aliyoyaongeza baadaye ndiyo yaliyonikaa moyoni. Nilimwuliza kwa nini hakuendeleza kazi ya bapa na mistari, kwa kuwa mwisho wa makala ile waliacha swali wazi ambalo ni yeye angeweza kulijibu.

“Mwalimu, ile nimeiweka kwanza,” alisema. “Inanila miaka miwili kwa robo pointi. Grafu za sifuri naandika mbili kwa mwaka.”

Mtu mwenye kipaji adimu, aliyesomeshwa kwa gharama za wengi, alikuwa amejifunza kutoka kwenye fomu ile aache kile anachokiweza kuliko wengine na afanye kile ambacho wengi wanakiweza. Hayo ndiyo madhara makubwa ya karatasi ya mbele. Haimpimi mtu tu, inamfundisha la kufanya kesho. Na si Kigoma peke yake. Kampuni ya Clarivate, ambayo kila mwaka hutangaza orodha ya watafiti walionukuliwa zaidi duniani, mwaka 2023 iliiondoa hisabati kwenye orodha hiyo. Fani ni ndogo kiasi kwamba kikundi cha watu wachache wanaonukuuana kinaweza kujipandisha juu, na takwimu zilikuwa zimechafuka. Upande wa pili wa mizani yupo Grigori Perelman, aliyeithibitisha dhana ya Poincaré, swali maarufu la hisabati, kwa maandiko matatu aliyoyaweka kwenye arXiv, hifadhi ya wazi ya mtandaoni, mwaka 2002 na 2003, bila kuyapeleka kwenye jarida lolote. Mwaka 2006 alitunukiwa Nishani ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati, akaikataa. Kwa fomu ya chuo kile, yenye kipengele kinachosema makala iwe kwenye jarida, kazi ile ingepata sifuri.

Katika taarifa sikupendekeza namba zifutwe. Zina kazi yake: zinaonyesha kama mtu bado anafanya utafiti, na ukiwalinganisha wanaaljebra na wanaaljebra wa umri mmoja wa kitaaluma zinaweza kukuonya kuhusu jambo la kuangalia. Niliomba kamati ifanye mambo ambayo yako ndani ya uwezo wake bila kungoja waraka wa mtu yeyote. Mwombaji achague makala tatu anazozithamini, aeleze kila moja kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kiingereza kinachoeleweka na mtu wa fani nyingine. Wasomaji wawili wa nje wa fani hiyohiyo wazisome na kuandika barua. Kwa makala za hisabati pointi zigawanywe sawa kati ya waandishi, na pale penye shaka waandishi wenza waulizwe. Na kila mwombaji awe na namba ya ORCID, ile namba moja ya mtafiti iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ili majina matatu yasizae watu wawili tena.

Kikao cha pili kilikuwa kirefu. Mjumbe aliyeuliza swali la mwanzo aliuliza tena, safari hii vizuri zaidi: tutajuaje kwamba wasomaji wa nje hawatapendeleana, ikiwa fani ni ndogo na wote wanajuana? Ni hoja ya kweli, na sikuwa na jibu kamili. Nilisema barua hutiwa saini na hubaki kwenye faili, na mtu anayesifia uthibitisho mbovu huonekana siku mwingine akiusoma, ilhali nukuu za kubadilishana haziachi jina la mtu wa kuulizwa. Wengine walikubali, yeye alibaki na shaka, na aliomba shaka hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu. Ikaandikwa.

Aliyebadilisha hewa ya chumba ni yule mtafiti wa samaki, ambaye sasa alikuwa mjumbe. Aliomba nafasi kwa mwenyekiti akasema kwamba katika makala yake inayonukuliwa zaidi yeye ni mmoja wa waandishi wengi, na sehemu yake ilikuwa kuchukua sampuli za maji na kuzipima. “Naionea fahari kazi ile, Ndugu Mwenyekiti,” alisema. “Lakini msinichukue mimi kumpimia mwenzangu. Mimi nisingeweza kuandika hata ukurasa mmoja wa hiyo ya kurasa thelathini na moja.”

Barua za wasomaji wa nje zilipofika zilikubaliana kuhusu makala ya kurasa 31. Zilitofautiana kuhusu nyingine mbili: mmoja aliona zina mchango mzuri, mwingine aliziona ni marudio. Kamati ilipokea tofauti hiyo kama ilivyo, ikampandisha Mhadhiri kwa makala 8. Tarehe ya cheo iliandikwa ya kikao cha pili, kwa hiyo mwaka wa kusubiri pamoja na tofauti ya mshahara wake haukurudishwa. Niliandika kupinga hilo. Jibu lilikuwa kwamba utaratibu hauruhusu kurudi nyuma.

Ugawaji sawa wa pointi kwa waandishi wa hisabati umekubaliwa. Ukurasa mmoja wa maelezo kwa kila moja ya makala tatu umekubaliwa kwa majaribio, kwa idara zote, na idara ya elimu ndiyo iliyoupokea kwa hamu kuliko zote. Kipengele cha kipimo cha jarida cha miaka miwili bado kimo kwenye fomu, na kiko kwenye ajenda ya kikao kijacho cha baraza la taaluma. Mhadhiri amerudi kwenye swali lililoachwa wazi. Amenitumia kurasa kumi na moja za mwanzo. Hatua ya nne ina dosari ambayo nimemwandikia, na anadhani anajua namna ya kuizunguka.